Mashavu na Kivuko Kisicho na Maji

"Na sisi tutavukia wapi?"

Swali hilo liliulizwa mara moja tu, asubuhi, mbele ya watu waliokuwa wakinyoosha kamba za kupimia barabara katikati ya Nyika. Lilitoka kwenye kinywa kidogo, kinywa cha mnyama asiyefika hata gotini kwa mtu mzima. Wenye kamba walilisikia. Mmoja aligeuka, akatazama chini, kisha akarudi kutazama kamba yake.

Sasa sogeeni. Makande hayajaiva na kuni zenyewe mbichi, kwa hiyo muda tunao. Mhoja, mpishe mwenzako. Paukwa!

—Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

—Pakawa!

Hapo zamani za kale, wakati njia zote za Nyika zilikuwa za vumbi na kila mwenye kwato alikuwa na yake, waliishi digidigi wawili, mke na mume. Mke aliitwa Mashavu. Mume aliitwa Mkude. Digidigi mnamjua? Ni mmoja wa paa wadogo kabisa, miguu kama njiti za kiberiti, pua ndefu inayochezacheza muda wote kama inatafuta neno. Na digidigi ana desturi yake moja: akioa, ameoa. Hakuna wa pili, hakuna wa pembeni.

—Hata wakigombana?

Hata wakigombana, Kabula. Wakigombana, mmoja anakula majani upande huu wa kichaka, mwenzake anakula upande ule. Jioni kichaka kimeisha, wanakutana katikati, na ugomvi umeisha.

Kila asubuhi, kabla ya kutia jani mdomoni, Mashavu alipiga mluzi kwa pua: zik! Tafsiri yake ni fupi: nipo. Na Mkude, popote alipo, alijibu: zik! Na mimi nipo. Basi. Siku ilikuwa imeanza.

Siku moja ya kiangazi Mkude akaenda Kilima cha Magadi kulamba chumvi. Si mbali. Alimwambia mkewe angerudi kabla jua halijawa kali. Alipokuwa huko, mitambo ikaja. Ilikuja mingi, ya njano, ikinguruma. Ikakwangua nyasi, ikamwaga kifusi, ikapandisha tuta refu, na juu ya tuta ikalaza kitu cheusi chenye moto. Lami. Ilipopoa, malori yakaanza kupita. Yalitoka bandarini yakaenda migodini, yakatoka migodini yakaenda bandarini, jua likiwaka na mvua ikinyesha, na kati ya lori na lori hapakuwa na nafasi ya kupenyeza ukucha.

Mkude, aliyejificha mngurumo ulipoanza, alirudi akakuta tuta. Mke upande huu, yeye upande ule.

—Si angekimbia tu?

Mhoja, wewe unakimbia kwenda dukani na kurudi, unadhani kila mtu yuko hivyo. Digidigi ni wa vichakani. Uwazi unamtisha kuliko chui. Na gurudumu la lori ni refu kumpita mara tatu. Sungura alijaribu siku ya pili. Nyani alijaribu siku ya nne, na Nyani tunajua ana akili. Sitawaambia ilikuwaje, bado hamjala.

Basi kila asubuhi Mashavu alisimama chini ya mgunga ulioota miguuni pa lile tuta. Alisubiri upenyo. Lori likipita, la pili halijafika, alipiga: zik! Siku nyingine jibu lilivuka likamfikia. Siku nyingine lori lililimeza, naye akakaa mpaka mchana asijue kama mumewe alijibu au hakujibu. Chozi la digidigi ni jeusi, tena lina unata. Hulipaka kwenye ncha ya kijiti, ndiyo alama yake kwa mwenzake. Mashavu alipaka vijiti vyote vya upande wake mpaka vikaonekana kama vimechovywa kwenye lami. Mwenzake wa kuviona hakuwepo. Na alipomaliza vijiti, aliimba. Nanyi mtaimba, mstari wa pili ni wenu:

*Mkude wee, Mkude,*
*mimi huku, wewe kule,*
*lami imelala kati,*
*haigeuki, haiamki.*

—Mimi huku, wewe kule!

Polepole, Kabula. Hakuwa anamwita mbuzi.

Asubuhi moja Barabara yenyewe ikachoka kusikia wimbo ule, ikasema, "Usinichukie, mama. Mimi sikulala mwenyewe, nililazwa. Nenda kwa walionilaza."

Mashavu akaona Barabara imesema kweli. Akafunga safari.

Serikali ya Nyika wakati huo ilikaa juu ya Mwamba Mkubwa, mwendo wa siku tatu, na wote waliokaa humo walikuwa ndege. Msicheke. Ilianza vizuri tu. Wanyama walisema kiongozi anatakiwa kuona mbali, wakachagua wenye mabawa. Hawakufikiri kwamba anayeona mbali aweza asione karibu. Na wenye mabawa, tangu barabara ijengwe, hawakuwahi kuivuka. Waliipita juu kama unavyopita juu ya kamba iliyoanguka.

Kila aliyevuna katika Nyika alipeleka mtama kidogo kwenye ghala la Serikali. Mtama huo ndio uliolisha wachimbaji, wabebaji na mafundi wa kazi za wote. Bila fungu la mtama kutoka ghalani, hakuna aliyeinua jembe. Mwenye kugawa mafungu ya njia alikuwa Waziri wa Njia, Mheshimiwa Bata Bukini, kifua mbele, jicho limezungushiwa wekundu kama la mtu asiyelala kwa ajili ya wananchi. Alikuwa analala.

Mlangoni alikaa Karani Kasuku. Na ofisi ya Kasuku ilikuwa na desturi: ombi ni neno moja. Wanyama walizoea kuja na hadithi ndefu, ya babu na ya bibi, na Kasuku hawezi kushika mengi. Kwa hiyo neno moja, muhuri, nenda nyumbani.

Mashavu akajaribu kueleza habari za Mkude, habari za chumvi, habari za Sungura. Kasuku akamkatiza kwa upole akamkumbusha desturi. Mashavu akafikiri. Akatafuta neno moja la kubeba asubuhi zote zile.

"Kivuko," akasema.

"Kivuko," akasema Kasuku. "Kivuko, kivuko, kivuko." Akagonga muhuri.

Mashavu alirudi anarukaruka. Akampigia Mkude mluzi wa habari njema, mrefu wa mara tatu. Kisha wakangoja. Vuli ikaja, ikaenda. Bunge la Mwamba likapitisha fungu, na fungu lilikuwa nono, sisemi lilikuwa dogo. Kisha siku moja vumbi likatimka. Nyumbu arobaini walikuwa wanavuta kitu kwa kamba. Kilikuwa kikubwa, cha mbao, kina paa la bati, maboya mekundu pembeni, nanga mbele, na kengele.

—Meli!

Siyo meli, Mhoja. Ile inayovusha watu mtoni inaitwaje?

—Pantoni!

Na jina lake lingine?

—Kivuko.

Ahaa. Kilikuwa ni kivuko. Wakakiegesha kandokando ya lami, juu ya mchanga mkavu. Mheshimiwa Bata Bukini akashuka kutoka angani, akakata utepe, akasema Serikali ni sikivu. Wanyama wakapanda kwa foleni. Wakaketi. Mashavu akaketi mbele kabisa ili awe wa kwanza kushuka. Kengele ikagongwa, makofi yakapigwa, wanyama wakapaza sauti, "Kivuko!", na upande wa pili Mkude akasikia, akasogea, akangoja.

Wakakaa mpaka jua likafika utosini. Hatimaye Ngiri, ambaye hajui kunong'ona, akauliza maji yako wapi.

"Maji," akasema Mheshimiwa, "ni wizara nyingine."

Akaruka, akaenda zake.

Mnacheka? Hata wao walicheka. Ngiri alicheka mpaka akaanguka kwenye nanga. Aliyeshuka bila kucheka ni Mashavu. Alirudi chini ya mgunga wake, akapiga mluzi, na Mkude akajibu upesi, mluzi unaouliza. Sasa yeye angejibu nini? Kwa sauti moja ya zik utaelezaje pantoni? Imbeni.

—Mkude wee, Mkude, mimi huku, wewe kule...

Safari ya pili Mashavu alifika kwa Kasuku akiwa amekasirika, na mwenye hasira hatafuti maneno, yanamfuata. Alimwambia Karani kwamba neno moja limewakosesha njia na sasa anataka mawili. Kasuku akasema desturi ni desturi. Mashavu akaketi mlangoni. Siku ya kwanza hakuondoka. Siku ya pili hakuondoka. Siku ya tatu waheshimiwa wakalalamika kwamba kuna harufu ya mnyama, na Kasuku akaridhia maneno mawili, tena kwa siri, asije akajua mwingine akataka matatu.

"Kivuko cha miguu," akasema Mashavu. "Cha barabarani. Siyo cha majini."

Kasuku alikwisha kuziba masikio baada ya neno la miguu. Akagonga muhuri.

Safari hii hawakukawia. Walikuja korongo wanne na ndoo za chokaa. Wakapaka mistari myeupe juu ya lami, mstari, nafasi, mstari, nafasi, kumi na miwili kwa hesabu. Pantoni lilibaki pale pale pembeni, kanga wamekwisha kutaga chini ya viti.

—Mimi najua! Pundamilia!

Ndiyo, Kabula. Watu wa mjini huiita hivyo, pundamilia. Na wa kwanza kufika alikuwa pundamilia mzee, haoni vizuri. Akaona mistari imelala barabarani. Akapiga goti akaanza kulia, anamwita nduguye aliyepotea mwaka wa barabara. Ilibidi wajukuu wake wamshike wamwondoe, wamweleze kwamba ni chokaa. Akasema hata kama ni chokaa, wamwache amlilie, maana siku ile hakupata pa kulilia.

Mheshimiwa Bata Bukini alitua, akakata utepe mwingine, akasema kuanzia leo madereva wataona na watasimama. Mashavu akamwuliza kama madereva wameambiwa. Mheshimiwa akajibu kwamba mistari inajieleza.

Upande wa pili Mkude alikuwa amesikia makofi. Hakujua mistari ni nini. Alijua tu kwamba wanapiga makofi, na mkewe yuko huko. Akapanda tuta. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile Mashavu akamwona. Pua ni ile ile. Pembe moja imechongoka kuliko mwenzake, kama zamani. Alikanyaga mstari wa kwanza. Alikanyaga wa pili. Alikuwa anamtazama Mashavu, hatazami kushoto wala kulia. Wa tatu. Wa nne.

Lori halikusimama. Dereva wake huenda hakuona hata kama kuna kitu. Lilipita, na Mkude akarushwa akarudi alikotoka, akabingirika tuta lote mpaka chini.

—Amekufa?

Hakufa. Alivunjika mguu wa nyuma. Usilie, Kabula, nimesema hakufa. Lakini sikilizeni jambo hili. Mashavu alikuwa amemngoja mumewe kiangazi kizima, vuli nzima na masika, akamwona kwa muda wa mistari minne. Basi. Mistari minne. Wapo waliosema angalau alimwona. Wapo watu wa hivyo siku zote, ukilia njaa wanakuambia angalau una mdomo.

Tangu siku ile mluzi wa Mkude ukawa hafifu. Ukawa unatoka mbali, maana kwa mguu ule hakuweza tena kupanda mpaka karibu na tuta. Asubuhi nyingine ulikuja. Asubuhi mbili haukuja. Mashavu akawa anasikiliza mpaka anasikia damu yake mwenyewe masikioni akadhani ni Mkude. Na alijua sasa kwamba hata malori yakipungua, hata dereva mmoja kati ya mia akisimama, Mkude hatavuka tena kwa kukimbia. Ipatikane njia ya kutembea polepole, kavu, iliyofichika, la sivyo atamsikiliza mumewe akipungua hivyo hivyo mpaka siku atakaponyamaza.

Imbeni, lakini kwa sauti ndogo.

—Mimi huku... wewe kule...

Safari ya tatu hakwenda kwa Kasuku. Alipita mlango wa Karani bila kumsalimu, jambo ambalo digidigi mwenye adabu hafanyi. Akazunguka nyuma ya Mwamba, penye bwawa na matete. Alikuwa amesikia njiani kwamba Mheshimiwa Waziri yuko mapumzikoni, hapokei wageni. Na Mashavu alijua msimu ule ni wa nini.

Mnajua ni wa nini? Mara moja kwa mwaka bata bukini hunyonyoka manyoya yote ya mabawa kwa pamoja, na mpaka mapya yaote hawezi kuruka hata kimo cha kisigino. Huo ndio mwezi ambao Waziri wa Njia alikuwa anajificha kwenye matete asionekane. Mashavu akamkuta humo, mabawa kama chelewa za ufagio uliochakaa.

Mheshimiwa akatapatapa. Kwa desturi yake angeruka. Sasa hakuwa na pa kwenda, ikabidi amsikilize mwananchi kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe.

Mashavu hakumtukana. Angeweza, na mimi ningemsamehe. Alimwamkia kwa heshima, akamwambia hana ombi. Alitaka tu Mheshimiwa atembee naye.

"Twende kwa miguu," akasema Mashavu. "Neno moja: twende."

Sijui kwa nini alikubali. Labda aibu, labda uchovu wa kukaa kwenye matope. Walitembea siku sita njia ya siku tatu, kwa sababu bata hajui kutembea, na kila alipoumia kidole Mashavu alimngoja. Walipofika, Mheshimiwa akapanda tuta kwa kujivuta, akasimama ukingoni. Lori likapita. Upepo wake ukamwinua ukamtupa mtaroni, kichwa chini, miguu juu. Akatoka. Akapanda tena. Lori la pili likamrudisha mtaroni. Mara ya tatu hakupanda. Alikaa pembeni pamoja na Mashavu kuanzia asubuhi mpaka jua likaanza kuinama. Jioni, kwenye upenyo mmoja mwembamba, kutoka mbali sana, sauti ikavuka: zik.

Mashavu akajibu. Mheshimiwa akamtazama.

"Kumbe ni pana," akasema.

Hilo ndilo neno lake la kwanza la kweli, na lilimchukua mistari kumi na miwili, pantoni moja na mguu wa mtu.

Manyoya yalipoota, Bunge la Mwamba likaketi kugawa mafungu ya mwaka. Spika alikuwa Bundi, na kwa kuwa kikao kilikuwa cha mchana, Spika alisinzia. Waziri wa Njia akaleta hoja: fungu la mtama, magunia mengi, kwa ajili ya kutoboa njia chini ya barabara. Wa kwanza kupinga alikuwa Mheshimiwa Kunguru. Alisema vizuri sana, lazima tumpe haki yake. Alisema ghala ni dogo na mahitaji ni mengi. Alisema iundwe kamati. Alisema anawapenda digidigi, hata jirani yake ni digidigi, lakini je, ni haki mtama wa wote kuchimbia shimo la wachache? Wengi wakagonga meza. Hakusema kwamba kila asubuhi yeye na wanawe hushuka barabarani kula kilichoachwa na malori. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesimama kutoa taarifa.

Waziri akasema anampa mgeni wake, Mashavu, dakika zake. Ikawa mzozo, kanuni zikafunuliwa, Spika akaamshwa, akaruhusu kwa sababu alitaka kulala tena. Mashavu akasimama kwenye ile sakafu ya mwamba, mdogo hata wa nyuma wakalazimika kusimama ili wamwone.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "barabara ilipojengwa, hakuna aliyeuliza humu ni ya nani. Mtama ulitoka, kamati haikuundwa. Leo nimekuja kuomba mlango wake, ndipo mnauliza ni wa nani. Mtu akijenga ukuta katikati ya nyumba yangu, mimi upande huu, mume wangu upande ule, kisha nikimwomba mlango aniambie amenipenda lakini mbao ni ghali, huyo hajanipenda. Sikuja kuomba zawadi. Nimekuja kuwaambia kazi yenu haijaisha."

Kisha akamgeukia Kasuku, aliyekuwa anaandika, akamwambia asithubutu kuandika kivuko. Aandike hivi: kalavati. Chini ya lami, si juu yake. Pana kwa nyati wawili kupishana, kavu miguuni, mwanga uonekane upande wa pili. Kasuku akasema hayo ni maneno mengi mno. Bata Bukini akamwambia ayaandike yote. Na Kasuku, kwa mara ya kwanza, aliuliza swali: upande wa pili ni wapi? Mashavu akamwelekeza kwa pua.

Walioafiki wakazidi wasioafiki kwa kura mbili. Mbili tu, msidhani walibadilika mioyo.

Kazi akapewa Fundi Muhanga, mwenye kucha ndefu na masikio ya punda, ambaye miaka yote alikuwa tayari na hakuna aliyemwuliza. Alichimba na wanawe, nungunungu wakibeba udongo, fungu la mtama likiwalisha. Na katikati ya kazi fungu likasimamishwa siku kumi, kwa sababu Kunguru alidai hesabu zikaguliwe, na Mashavu akakaa siku kumi kwenye shimo linaloishia gizani, anapiga mluzi kwenye ukuta wa udongo. Siku zote hizo hakusikia jibu. Akamwuliza Fundi Muhanga kama sauti hupita kwenye udongo. Fundi, asiyependa kusema uongo, akasema inategemea udongo.

Kisha mtama ukarudi, kucha zikarudi kazini, na asubuhi moja mwanga ukatokea, kidogo kama jani, kisha kama ungo.

Kukawa na sherehe. Utepe, makofi, hotuba. Mashavu hakungoja utepe, alipita chini yake. Akapita kalavati lote polepole, malori yakinguruma juu ya kichwa chake kama mvua ya nchi nyingine. Akatokea upande wa pili. Majani yalikuwa yale yale. Akasimama, akapiga: zik!

Kimya.

—Hakuitika?

Hakuitika. Alipiga mara ya pili. Kimya. Wenzake walikuwa wanatokeza nyuma yake, Ngiri anacheka, yule pundamilia mzee ameshikwa mkono na wajukuu, kila mmoja anakimbilia wake. Mashavu akaenda peke yake. Alipekua kichaka cha kwanza, cha pili, bonde la mchanga, miguuni pa Kilima cha Magadi. Chini ya mwiba mmoja mkubwa akakuta digidigi dume amelala, mgongo ameupa barabara, mguu mmoja umekauka vibaya. Alikuwa macho. Alikuwa amesikia makofi tangu asubuhi. Makofi alikwisha kuyasikia mara mbili, na safari hii aliamua kutoyasikia. Alisikia nyasi zikilia nyuma yake, hakugeuka.

"Kivuko tena?" akauliza.

"Hapana," akasema Mashavu. "Ni mimi."

Basi. Akalala naye pale pale, pua juu ya shingo, na siku hiyo hawakula.

—Wakarudi nyumbani?

Polepole, baada ya wiki, kwa mguu ule. Lakini nisiwadanganye ili mlale vizuri. Kalavati lile ni la digidigi, la ngiri na la nyati. Tembo hapiti. Twiga hapiti. Wao wanahitaji daraja la juu, pana, lenye udongo na miti, na fungu la daraja hilo liko kwenye kamati mpaka leo tunapoongea. Jioni ukipita pale utawaona tembo wamesimama kwenye tuta, wanatazama upande wa pili. Wanatazama tu.

Hadithi nimeitua hapo, mwenye mabega aibebe. Na funzo lake ni hili: aliyejenga ukuta ndiye wa kujenga mlango, naye asikubali kusifiwa kwa hilo.

Nanyi nawaomba jambo moja. Mkikua, mkikabidhiwa ghala, msipitishe barabara yoyote kabla hamjaenda mkaivuka kwa miguu yenu.